Shajara ya mradi wa ORODHA na GEUZA: kuorodhesha na kugeuza vifurushi vilivyobanwa katika DOS

Machi, mwanzoni: mipaka ya kazi

Mradi huu ni wa programu mbili ndogo za bure zitakazofanya kazi katika DOS, mfumo endeshi wa kompyuta binafsi za zamani. Ya kwanza, ORODHA, itasoma vifurushi vilivyobanwa, yaani mafaili yanayobeba mafaili mengine ndani yake, na kuandika katalogi ya yaliyomo bila kuvifungua. Ya pili, GEUZA, itahamisha yaliyomo kutoka miundo ya zamani, yaani ARC, PAK, ZOO, LZH na ARJ, hadi muundo wa ZIP. Majina yote mawili yanaenea ndani ya herufi nane ambazo DOS inaruhusu, jambo ambalo limenifurahisha kuliko linavyostahili.

Mkusanyo unaoshughulikiwa umetoka kwenye flopi na CD-ROM za miaka ya 1980 na 1990, na vurugu iliyomo ni zao la historia yenyewe. Kampuni ya System Enhancement Associates ilitoa ARC mwaka 1985, na Rahul Dhesi akafuata na ZOO mwaka 1986. Phil Katz aliandika PKARC na PKXARC, zilizofanya kazi ileile ya ARC kwa kasi kubwa zaidi, akashtakiwa mwaka 1988, kisha mwaka 1989 akaja na PKZIP na muundo mpya kabisa. Huko Japani, Haruyasu Yoshizaki alikuwa ameshatoa LHarc mwaka 1988, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 Robert Jung akaleta ARJ. Matokeo yake ni kwamba programu ileile, toleo lilelile, huenda ikapatikana katika miundo minne tofauti, na kila muundo una tarehe zake na maelezo yake.

ZIP imechaguliwa kuwa muundo lengwa kwa sababu maelezo ya muundo wake yako wazi kwa umma, na kwa sababu Zip na UnZip za kundi la Info-ZIP ni za bure, zina msimbo chanzo, na zina matoleo ya DOS ya biti 16 na ya biti 32. Sababu hizo zinatosha. Swali la ni muundo gani unaobana zaidi halikuzingatiwa, na nitaeleza baadaye kwa nini.

Uamuzi mkubwa wa mwanzo ni wa utaratibu: ORODHA itakamilika kabla mstari wowote wa GEUZA haujaandikwa. Kugeuza kifurushi ni kukiharibu kidogo. Tarehe hubadilika, maoni ya mwandishi hupotea, mpangilio wa mafaili huvurugika, na alama za uthibitisho hufutika kabisa. Katalogi iliyoandikwa kabla ya kugusa chochote ndiyo itakayobaki kuwa shahidi wa jinsi kifurushi kilivyokuwa.

Machi, katikati: kutambua kwa baiti

Kiendelezi cha jina hakiaminiki. Kuna mafaili yanayoitwa .ARC ambayo ndani ni ZIP, na mengine yaliyobadilishwa jina na mtu asiyejulikana kwa sababu zisizojulikana. Kwa hiyo ORODHA inasoma baiti za mwanzo na kuamua yenyewe.

ZIP huanza kwa herufi PK zikifuatwa na baiti 03 na 04. ARJ huanza kwa 60 EA katika heksadesimali. RAR ya wakati wa DOS, muundo mwingine wa vifurushi, huanza kwa herufi "Rar!". LZH haina alama mwanzoni kabisa: baiti ya kwanza ni urefu wa kichwa, ya pili ni jumla ya ukaguzi, na ndipo yanapofuata maandishi kama "-lh1-" au "-lh5-" yanayotaja mbinu ya kubana. ZOO ni ya kistaarabu zaidi, kwa kuwa huanza kwa maneno yanayosomeka yanayojitambulisha kuwa ni kifurushi cha ZOO, halafu kwenye nafasi ya 20 huweka namba yake maalumu ya baiti nne.

ARC ndiyo inayosumbua. Alama yake ni baiti moja tu, 1A, na baiti hiyohiyo katika DOS ndiyo inayoashiria mwisho wa faili la maandishi. Ukiandika amri ya TYPE juu ya kifurushi cha ARC, skrini haionyeshi kitu, kwani amri inakutana na alama ya mwisho kabla haijaonyesha herufi hata moja. Ujanja huo ni mzuri, lakini baiti moja ni ushahidi mdogo mno kwa programu ya kutambua. Kifurushi cha HYPER, programu nyingine ya kubana, nacho huanza kwa 1A, kisha herufi HP au ST. ORODHA kwa hiyo inadai ushahidi wa ziada: baiti ya pili, inayotaja mbinu, isizidi 11, jina la faili linalofuata liwe na herufi zinazokubalika katika DOS na liishie kwa sifuri ndani ya baiti 13, na ukubwa uliobanwa usizidi baiti zilizobaki katika faili zima. Kifurushi kinachopita vipimo vyote vitatu kinakubaliwa. PAK ya NoGate Consulting inaingia kwa mlango huohuo, kwa kuwa ilitumia vichwa vya ARC na kuongeza mbinu zake mbili, namba 10 na 11.

Machi, mwishoni: kusoma vichwa

Uzuri wa miundo hii ni kwamba katalogi haihitaji kufumua data. Kichwa cha ARC kina baiti 29: alama, mbinu, jina, ukubwa uliobanwa, tarehe, saa, CRC (namba ya ukaguzi inayokokotolewa kutoka data ya faili) na ukubwa halisi. Ukishausoma ukubwa uliobanwa, unaruka baiti hizo zote na kutua kwenye kichwa kinachofuata, mpaka ufikie jozi ya 1A na 00 inayofunga kifurushi. Mbinu namba 1, ya zamani kabisa, ina kichwa cha baiti 25 kwa sababu haikutunza ukubwa halisi. Faili halikubanwa, kwa hiyo ukubwa ulikuwa mmoja tu.

Baada ya jozi hiyo mara nyingi kuna takataka. Itifaki ya XMODEM, iliyotumika sana kuhamisha mafaili kwa modemu, hupeleka vipande vya baiti 128, na kipande cha mwisho hujazwa mpaka kitimie. Ndiyo maana vifurushi vingi vya zamani vina urefu unaogawanyika kwa 128 bila kubaki, na mkia wa baiti zisizo na maana. Kwa ARC mkia huo haudhuru. Kwa ZIP unadhuru kidogo, maana ZIP husomwa kuanzia mwisho.

Hapo ndipo kazi ya wiki hii ilipokaa sana. Rekodi ya mwisho ya ZIP ina baiti 22, ikifuatwa na maoni ya kifurushi yanayoweza kufikia baiti 65,535. Programu inapaswa kutafuta PK, 05, 06 kutoka nyuma kwenda mbele, na kwa hesabu kamili eneo la kutafuta ni baiti 65,557. Segimenti moja ya kumbukumbu katika hali ya kawaida ya DOS ni baiti 65,536. Tofauti ni baiti 21, na inatosha kabisa kumzuia mtu asitumie bafa moja, yaani eneo moja la kumbukumbu la kusomea data. ORODHA sasa inasoma kwa vipande vya kilobaiti 4, kila kipande kikirudia baiti tatu za mwanzo wa kipande kilichosomwa kabla yake, ili alama ya baiti nne isikatike katikati na kupotea. Njia hii inatumia kumbukumbu kidogo, na mkia wa XMODEM unavukwa bila sheria maalumu.

Pale ambapo saraka kuu ya ZIP, yaani orodha ya mafaili iliyo mwishoni mwake, imekatika, kama inavyotokea kwa flopi zilizoharibika, ORODHA inarudi mwanzo na kufuata vichwa vya kila faili. Njia hiyo ina kikomo chake: kifurushi kilichoandikwa kwa mkondo huweka sifuri mahali pa ukubwa na kuandika ukubwa halisi baada ya data, kwa hiyo hakuna namna ya kuruka. Katalogi inaandika "saraka haipo" na kuendelea na kifurushi kingine.

LZH imechukua muda mfupi. Kuna ngazi za vichwa 0, 1 na 2, zinazotofautishwa na baiti iliyo kwenye nafasi ya 20, na msimbo wa kila ngazi ni mfupi.

Aprili: tarehe na CRC

Tarehe za DOS zimefungwa katika biti 16: biti tano za siku, nne za mwezi, na saba za mwaka zinazohesabiwa kuanzia 1980. Saa nayo ina biti 16, lakini sekunde zimepewa biti tano tu, kwa hiyo huhesabiwa mbilimbili, na hakuna faili la DOS lenye sekunde isiyogawanyika kwa mbili. ARC na ZIP zinatumia mpango huohuo, ila ARC hutanguliza tarehe na ZIP hutanguliza saa. Anayenakili msimbo wa kusoma kutoka muundo mmoja kwenda mwingine bila kuangalia mpangilio huo atapata katalogi yenye miaka ya ajabu.

LZH ya ngazi ya 2 inafanya tofauti: inatunza sekunde tangu mwanzo wa 1970, kwa saa za dunia. DOS haijui kompyuta iko katika ukanda gani wa saa isipokuwa imeambiwa kwa kigezo cha TZ. Nimeamua ORODHA iandike saa hizo kama zilivyo na kuweka herufi Z kando yake, badala ya kukisia. Anayetaka saa za mahali pake atafanya hesabu akijua anachofanya.

CRC ni suala lenye uzito zaidi, kwa sababu katalogi inatakiwa kusaidia kutambua nakala zilizojirudia. ARC, ZOO na LZH zinatunza CRC ya biti 16. ZIP, ARJ na RAR zinatunza ya biti 32. Hizi mbili haziwezi kulinganishwa. Zaidi ya hapo, CRC ya biti 16 ina thamani 65,536 pekee, na katika mkusanyo wenye makumi ya maelfu ya mafaili ni hakika kwamba mafaili yasiyohusiana yataangukia thamani moja. Katalogi ina safu zote mbili, na ile ya biti 32 inaachwa wazi kwa miundo ya zamani mpaka faili litakapofumuliwa wakati wa kugeuza. Kwa sasa ORODHA inataja mafaili mawili kuwa yanashukiwa kufanana pale tu ukubwa halisi na CRC ya aina moja vinapolingana. Jina halizingatiwi kabisa, README.DOC ni nyingi mno.

Aprili, mwishoni: maelezo ya FILE_ID.DIZ

Vifurushi vingi vya miaka ya 1990 vina faili dogo liitwalo FILE_ID.DIZ, ambalo mwandishi wa programu aliliweka ili mbao za matangazo za modemu zipate maelezo bila mtu kuyaandika kwa mkono. Desturi ilikuwa mistari isiyozidi kumi, kila mmoja herufi zisizozidi 45. Hapa lazima kufumua, lakini ni faili moja tu, na UnZip inaweza kulitoa moja kwa moja kwenye mkondo:

UNZIP -p MFANO.ZIP FILE_ID.DIZ > MFANO.DIZ

Sehemu hii ya katalogi ndiyo ninayoitumia zaidi. Jina kama TXTUT21.ZIP halimwambii mtu chochote, ilhali mistari mitatu ya mwandishi mwenyewe inamaliza swali. Tatizo ni mapambo. Waandishi walipenda visanduku vilivyochorwa kwa herufi za jedwali la 437 (jedwali la herufi la DOS), na mara nyingine misimbo ya rangi, na ukiyasoma hayo katika jedwali lingine unaona herufi zenye lafudhi zikipangana bila maana. ORODHA inatunza maelezo kama yalivyo katika faili la pembeni, na katika katalogi inaandika nakala iliyosafishwa ambamo herufi za visanduku zimegeuzwa nafasi. Kutunza nakala iliyosafishwa peke yake kungeokoa nafasi, lakini mchoro nao ni kazi ya mwandishi.

Mei: GEUZA inaanza

Wazo la kuandika GEUZA kama faili la bechi, yaani faili la maandishi lenye amri za DOS, lilikataliwa mapema. COMMAND.COM ya MS-DOS, programu inayotekeleza amri hizo, haiwezi kutoa kiendelezi kwenye jina lililomo ndani ya kitanzi cha FOR, kwa hiyo MFANO.ARC haigeuki kuwa MFANO.ZIP bila msaada. Pia mstari wa amri una kikomo cha herufi 127, na njia ndefu za saraka zinakimaliza upesi.

Kuandika programu inayoziita Zip na UnZip kutoka ndani yake nako kuna gharama, maana programu mama inabaki kwenye kilobaiti 640 za kumbukumbu wakati programu inayoitwa inahitaji nafasi yote inayopatikana. Njia iliyochaguliwa ni ya kati: GEUZA inasoma katalogi, inaandika faili la bechi lenye amri kamili kwa kila kifurushi, kisha inatoka. Mtumiaji anaweza kulisoma faili hilo, kufuta mistari asiyoitaka, na kuliendesha anapokuwa tayari. Msimbo unajengwa kwa kikusanyaji cha Open Watcom katika biti 16, ili hata mashine isiyo na kichakataji cha 386 iweze kuutumia.

Kwa kila kifurushi, bechi inafuata utaratibu usiobadilika. Inatengeneza saraka tupu, inafumua kwa programu inayohusika, inaangalia ERRORLEVEL (namba ya matokeo ambayo programu huiacha inapomaliza), inafunga kwa ZIP, inajaribu ZIP mpya kwa UNZIP -t, na mwisho inaita ORODHA ilinganishe majina, ukubwa na tarehe za zamani na mpya. Kifurushi cha asili hakifutwi na bechi katika hatua yoyote. ZIP mpya zinaandikwa katika saraka nyingine.

ERRORLEVEL inahitaji uangalifu wa kipekee, kwa sababu IF ERRORLEVEL 1 ni kweli kwa thamani ya 1 na kwa kila thamani inayozidi hapo. Ni lazima kuanza na namba kubwa na kushuka. Kwa UnZip, 82 ni nenosiri lisilofaa, 81 ni mbinu ya kubana isiyotambuliwa, 51 ni kifurushi kilichoisha kabla ya wakati, 50 ni diski iliyojaa, na 1 ni onyo dogo ambalo mara nyingi linaruhusu kuendelea. Thamani ya 50 inasimamisha bechi nzima; nyingine, isipokuwa 1, zinarukia kifurushi kinachofuata baada ya kuandika sababu kwenye kumbukumbu ya kazi.

Katika kufunga, vigezo vinavyotumika ni -9 kwa kubana kwa juu, -k kwa majina ya DOS, -r kwa saraka za ndani, na -o, ambacho ndicho muhimu kuliko vyote: kinaipa ZIP mpya tarehe ya faili jipya zaidi lililomo ndani yake. Bila hicho, programu ya mwaka 1987 ingeonekana kwenye orodha ya saraka kama imezaliwa leo. Maoni ya kifurushi yanarudishwa kwa -z kutoka faili la maandishi ambalo ORODHA ililiandika hapo awali.

Mei, mwishoni: visivyogeuzwa

Orodha ya vifurushi vinavyoachwa kama vilivyo imekuwa ndefu, na ninaiona kuwa sehemu bora ya mradi. Vifurushi vya PKZIP vyenye alama ya uthibitisho, ambavyo PKUNZIP, programu ya kuvifungua, huonyesha -AV baada ya jina la kila faili, vinaachwa, maana uthibitisho huo hauwezi kutengenezwa upya na mtu mwingine. ARJ zilizofungwa kwa bahasha ya usalama zinaachwa kwa sababu hiyohiyo. ARJ zilizogawanywa katika flopi kadhaa, zenye .A01 na .A02, zinasubiri mpaka sehemu zote zipatikane. ZOO iliruhusu kutunza matoleo kadhaa ya faili moja ndani ya kifurushi kimoja; ukiyafumua katika saraka moja yanafutana, kwa hiyo ORODHA ikikuta jina lililojirudia inaweka alama ya kuzuia. Mafaili ya EXE yanayojifungua yenyewe nayo hayaguswi, na vifurushi vilivyo ndani ya vifurushi havifunguliwi.

Kuna upande wa pili: ZIP zinazostahili kugeuzwa kuwa ZIP. Matoleo ya kwanza ya PKZIP yalitumia mbinu za kubana za Shrink, Reduce na Implode, na mbinu ya Deflate ilienea baada ya PKZIP 2.04g ya mwaka 1993. Programu nyingi za leo zinafahamu Deflate pekee. Shrink ni aina ya LZW, mbinu ya kubana inayotumia jedwali la mfuatano wa herufi, na LZW ilikuwa na hataza ya Unisys iliyoisha Marekani mwezi Juni 2003. Kwa hiyo baadhi ya nakala za UnZip zilizojengwa kabla ya hapo ziliiacha mbinu hiyo nje. Safu ya mbinu katika katalogi inavionyesha vifurushi hivi mara moja, na hivi ndivyo vinavyotangulia kwenye foleni, kwa sababu ugumu wa kuvisoma unaongezeka kila mwaka.

Juni: kuhusu nafasi

Mtu aliyejaribu toleo la awali aliuliza mradi unaokoa nafasi kiasi gani. Kwa ARC faida ya kubana ipo, kwa kuwa LZW yake inatumia jedwali la biti 12, na biti 13 kwa mbinu ya PKARC, wakati Deflate inaangalia nyuma hadi kilobaiti 32. Kwa LZH za "-lh5-" tofauti ni ndogo.

Lakini diski haihesabu hivyo. Katika FAT16, mfumo wa mafaili wa DOS, kizigeu cha gigabaiti 2 kinagawanywa katika vipande vya kilobaiti 32, na faili haliwezi kuchukua nusu ya kipande. ARC ya kilobaiti 40 inachukua vipande viwili. ZIP iliyotokana nayo, ikiwa na kilobaiti 36, inachukua vilevile vipande viwili. Kazi yote imefanyika na diski haijaona tofauti. Anayetaka nafasi na agawe diski katika vizigeu vidogo zaidi. GEUZA haipo kwa ajili hiyo.

Juni, katikati: hali ilivyo

ORODHA inasoma ARC, PAK, ZOO, LZH, ARJ na ZIP, na inaandika katalogi kwa maandishi yaliyotenganishwa kwa koma, yanayosomeka katika programu yoyote ya majedwali. RAR inatambuliwa kwa jina la muundo tu. GEUZA inafanya kazi kwa miundo hiyo sita ya mwanzo isipokuwa PAK yenye mbinu namba 10 au 11, ambazo zinaorodheshwa na kuachwa. Programu zote mbili zimejaribiwa katika FreeDOS, DOS ya bure, na katika DOSBox, programu inayoiga kompyuta ya DOS.

Kazi inayofuata ni safu moja mpya, itakayotaja mahali data ya kifurushi inapoanzia ndani ya EXE inayojifungua. Mafaili hayo hayatageuzwa, lakini ORODHA ikiijua nafasi hiyo itaweza kusoma vichwa vyake kama inavyosoma vya kifurushi kingine chochote. Baada ya hapo msimbo chanzo utafungwa pamoja na programu zenyewe, katika ZIP, ukiwa na FILE_ID.DIZ ya mistari kumi.